Akili mnemba vyuoni: tuanze na mwalimu

Katika vyuo vikuu vyetu vya Unguja na Pemba, kama ilivyo katika vyuo vingi ulimwenguni, pana swali linaloulizwa kila siku na ambalo bado halijapewa jibu lililo wazi. Mwalimu afundishe vipi, na apime vipi, ilhali mwanafunzi wake anayo simu mfukoni inayoweza kumwandikia insha nzima kabla chai haijapoa? Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya Kimarekani ya OpenAI ilipoitoa programu yake iitwayo ChatGPT, swali hilo limeingia katika kila darasa, na hapana mkuu wa chuo anayeweza kulikwepa.

Wapo wanaotaka mashine hizi zipigwe marufuku. Wapo na wengine, hasa wale wapendao kila kilicho kipya, wanaodai kwamba mashine zitatuondolea upungufu wa walimu kwa gharama ndogo. Makundi yote mawili yanakosea kwa sababu moja: yanaitazama mashine na kumsahau mwalimu. Sisi tunasema kwamba vyombo vya mtandao na akili mnemba huleta faida pale ambapo mwalimu ameipanga kazi, na amepewa wasaa wa kuipanga. Pasipokuwa na hilo, tutakuwa tunanunua hasara kwa fedha zetu wenyewe.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha huko Tanzania Bara kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Wakati ule redio ndiyo iliyokuwa chombo cha kisasa. Laiti kusikiliza peke yake kungalitosha, kazi ingalikuwa nyepesi. Lakini waliopanga kampeni ile walijua kwamba sauti hupita kama upepo. Kwa hiyo waliunda vikundi vya kusoma, wakawafunza viongozi wa vikundi, wakachapisha vijitabu vya Kiswahili chepesi. Na kwa muda wa wiki 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza, kikasoma, kikajadiliana, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba. Redio ilikuwa kitu kimoja miongoni mwa vitu vingi, na kazi iliyofanyika ilifanywa na watu waliojipanga.

Ushahidi wa siku hizi unatupeleka njia hiyo hiyo. Nchini Uturuki, watafiti waliwajaribu wanafunzi wapatao elfu moja wa sekondari katika somo la hesabu, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2024. Kundi moja lilipewa akili mnemba ilitumie litakavyo. Katika mazoezi, kundi hilo liliwashinda kwa asilimia 48 wenzao waliokuwa na vitabu na madaftari tu. Ulipofika mtihani na mashine ikaondolewa, kundi hilo hilo likawa nyuma ya wenzao kwa asilimia 17. Kundi jingine lilipewa mashine iliyotengenezwa kwa maelekezo ya walimu: ilitoa dokezo badala ya jibu, na ilielezwa mapema makosa ambayo wanafunzi huyafanya aghalabu. Kundi hilo lilipata faida kubwa zaidi katika mazoezi, na mtihanini halikudhurika.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanafunzi 194 wa fizikia nao walijaribiwa mwaka 2023. Waliofundishwa na akili mnemba walijifunza zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi, kuliko walipokuwa darasani na walimu wao. Msomaji asikimbilie kusema kwamba mwalimu kashindwa. Mashine ile iliandaliwa na walimu wenyewe, hatua kwa hatua, na majibu sahihi ya kila swali waliyaandika wao kwanza ili mashine isipotee njia. Kazi ya mwalimu haikupungua. Ilifanywa mapema, kabla ya somo.

Sababu ya tofauti hizi haiko mbali. Akili ya binadamu hukomaa kwa kuhangaika na swali, kwa kukosea, na kwa kulikumbuka leo lililosomwa wiki iliyopita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mashine inayompa mwanafunzi jibu kabla hajainama inamnyima jambo lililomleta chuoni. Isitoshe, mashine yenyewe haijui kweli na uongo kama tujuavyo sisi. Hupanga maneno kwa kukisia neno gani linaelekea kufuata jingine, kwa kadiri ya maandishi mengi iliyolishwa, na pale inapokosa habari huweza kubuni kwa ufasaha ule ule. Mwezi Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mbele ya jaji hukumu za kesi ambazo hazikupata kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Ikiwa mawakili wa miaka mingi walidanganyika, kijana wa mwaka wa kwanza tutamlaumu kwa kiasi gani ikiwa hatukumfundisha namna ya kuhakiki?

Hapa tunafika kwenye jambo linalotia wasiwasi zaidi, nalo ni haki ya mwanafunzi. Vyuo vingi duniani vimekimbilia programu zinazodaiwa kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zilihukumiwa kuwa ni kazi ya mashine. Insha za watoto wa skuli wa Kimarekani zilipita karibu zote bila ya tatizo. Mwezi Julai mwaka huo huo, kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake yenyewe ya kutambua maandishi, kwa kukiri kwamba haikuwa sahihi vya kutosha.

Waheshimiwa wakuu wa vyuo na maofisa wa Wizara wayapime maneno hayo kwa makini. Mwanafunzi wetu wa Micheweni au Makunduchi anafikiri kwa Kiswahili na anaandika kwa Kiingereza alichojifunza darasani, kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Maandishi ya namna hiyo ndiyo yanayoshukiwa na programu hizo. Kumfutia mtu mtihani, au kumfukuza chuo, kwa ushahidi wa chombo ambacho watengenezaji wa cha namna yake wamekikana, ni dhuluma. Tunasema bila ya kuficha kwamba hukumu ya namna hiyo isitolewe katika chuo chochote cha Visiwa hivi.

Basi udanganyifu uzuiwe vipi? Wazee wetu waliosoma vyuo vya Kurani wanalo jibu la zamani. Mtoto alikaa mbele ya mwalimu wake, akasoma, akasikilizwa, na hakuvuka sura kwa kusomewa na mwenziwe. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye aandike kazi yake nyumbani kwa msaada wowote ulioruhusiwa, autaje msaada huo, kisha aje aieleze kazi yake kwa mdomo. Anayejua atajulikana, na asiyejua atajulikana. Pale ambapo somo lenyewe si la lugha, aruhusiwe pia kufafanua kwa Kiswahili, ili tupime elimu yake na tusipime woga wake wa Kiingereza.

Tunajua maofisa watauliza gharama. Hesabu yenyewe ni hii: darasa la wanafunzi 120, kila mmoja akihojiwa kwa dakika sita, linahitaji dakika 720, yaani saa 12. Hizo ni takriban siku mbili za kazi za mwalimu mmoja, au siku moja ya walimu wawili. Si kazi ndogo kwa mwalimu mwenye madarasa manne. Ndiyo maana tunasema saa hizo zihesabiwe katika ratiba yake ya kazi kama zinavyohesabiwa saa za mihadhara, wala zisiachwe kuwa sadaka yake ya jioni.

Wakati huo utapatikana, kwa sehemu, kwa kuvitumia vyombo vya mtandao panapostahiki. Muhadhara ambao mwalimu huurudia kila mwaka kwa maneno yale yale unaweza kurikodiwa kwa sauti, ukasikilizwa nyumbani, na saa ya darasani ikabaki kwa maswali na mijadala. Mazoezi mafupi ya kila wiki yanaweza kuwekwa katika mfumo kama Moodle, ambao husahihisha maswali ya kuchagua papo hapo na kumwonyesha mwalimu swali gani limewashinda wengi. Akili mnemba inaweza kumsaidia mwalimu kutunga rasimu ya maswali 30, naye akachagua kumi yaliyo mazuri na kuyarekebisha. Lakini alama ya mwisho ya mwanafunzi iwekwe na mwalimu, kwa mkono wake na kwa dhamana yake.

Mashine yenyewe pia inaweza kufanywa somo. Mwanafunzi wa kilimo aiulize habari za mwani wa Paje na Jambiani: kwa nini aina ya kotoni, ambayo bei yake ni kubwa, imewashinda wakulima wengi, wakabaki na spinosamu. Achukue jibu lake, aende ufukweni maji yakitoka, awasikilize kina mama wanaofunga kamba, kisha aandike mashine imesema kweli wapi, imekosea wapi na imenyamaza wapi. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa chumbani, na anayeimaliza atakuwa amejifunza ukulima na uhakiki kwa pamoja.

Juu ya yote haya, tusisahau kwamba sisi ni watu wa visiwani. Mwezi Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, wengi walitambua kwamba kusoma kwa mtandao ni neno jepesi kwa mwenye kompyuta na bando, na ni neno zito kwa asiyekuwa navyo. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na mtandao ukadorora nchini mwetu na katika nchi jirani. Na wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya kiza, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme utokao Bara ulipokatika.

Kwa hiyo masomo ya mtandao yapangwe kwa kumfikiria mwenye simu ndogo na bando la shida. Maandishi na sauti zitangulie, kwa kuwa hazili bando kama video zinavyolila. Kila somo liweze kupakuliwa chuoni na kusomwa nyumbani bila ya mtandao. Nakala za masomo zihifadhiwe katika kompyuta za chuo chenyewe, zipatikane hata siku mkongo unapokatika. Na tarehe ya kukabidhi kazi isiwe kitanzi: siku ambayo mtandao umekatika kwa wote, isihesabiwe kwa yeyote.

Tunaziomba Serikali na vyuo vyetu vitekeleze mambo manne. Kwanza, kila chuo kitoe kanuni fupi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, inayoeleza msaada gani wa mashine unaruhusiwa katika kila kazi, na upi hauruhusiwi. Pili, walimu wafunzwe kwa vitendo, katika masomo yao wenyewe, na wapunguziwe vipindi katika muhula wa kwanza wa matayarisho. Tatu, fedha zitengwe kwa ajili ya mtandao wa maktaba na mabweni, Pemba isiachwe nyuma ya Unguja, kabla ya kununua programu yoyote ya gharama kutoka nje. Nne, kila programu itakayonunuliwa ijaribiwe kwanza katika madarasa machache, na matokeo yapimwe kwa mtihani ambao mashine haimo. Ikionekana haimsaidii mwanafunzi anapobaki peke yake, mkataba wake usiendelezwe.

Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo katika Visiwa hivi, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi akae dawati moja na mtoto wa mwenye nacho. Shahada anayoipata leo mjukuu wa mkulima yule inapaswa kuwa na thamani ile ile machoni mwa watu. Muuguzi atakayepima dozi katika hospitali ya Wete usiku wa manane, na mwalimu atakayesimama mbele ya watoto wa darasa la hesabu, hawatakuwa na wasaa wa kuiuliza simu kila jambo. Wananchi watakaowategemea wana haki ya kujua kwamba elimu iliyoandikwa katika vyeti vyao imo vichwani mwao. Muhula mpya haujaanza. Walio na dhamana ya vyuo wakutane na walimu wao sasa.