Tuzipe Saa Zetu Kipimo cha Kweli

Ndugu zangu wa Lumuma, na ninyi nyote mnaotembea na saa ya kuhesabu hatua, nina ombi.

Wiki iliyopita niliongozana na mama mmoja jirani yangu kando ya mfereji. Nesi alimwambia presha yake inataka mwendo kila siku, na mwanawe akamletea saa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na ndoo ya maji juu ya ngata, mkono wenye saa umeshika ukingo wa ndoo. Tulihesabu kwa sauti hatua 200. Tukatazama kioo: 61. Akaniuliza kwa unyonge, "Kwa hiyo nyingine sikutembea?"

Alitembea, tena na mzigo. Ndani ya saa mna kihisi cha mtikisiko, na programu yake husoma zaidi bembea ya mkono. Mkono ukitulia kwenye ndoo au mpini wa toroli, saa hupoteza hesabu. Abiria wa bodaboda kwenye barabara yenye mashimo, yeye huweza kuongezewa hatua ambazo hakuzipiga. Wanaobeba maji, kuni na magunia ya vitunguu ndio wanaotembea kuliko wengi wetu, na ndio wanaopunjwa. Mama yangu, dada yangu, ukiwa na mzigo ifunge saa kiunoni, kwenye pindo la khanga. Kisha hesabu hatua 100 kwa mdomo uone inasemaje.

Umbali una hila zake. Saa isiyotumia GPS huzidisha hatua zako kwa urefu inaoukisia kutokana na kimo ulichoiandikia. Ikidhani unapiga sentimeta 78 kumbe unapiga 71, kila hatua 10,000 imekuzidishia mita 700. Yenye GPS nayo hutaka kuziona satelaiti, na milima yetu huziba anga. Simama peupe dakika moja au mbili kabla ya kuanza.

Usihangaishwe na ile namba ya hatua 10,000 kwa siku. Ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake wazee ulikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale waliotembea kidogo kuliko wote. Lakini 4,400 iwe ya kweli, maana nesi ataiamini namba utakayomtajia.

Sasa ombi lenyewe. Tupime pamoja mita 50 kwenye uwanja wa mpira, tupigilie mambo mbili, zibaki pale. Kila mmoja aende na kurudi mara mbili kwa mwendo wake wa kawaida, akihesabu. Hizo ni mita 200. Ukipata hatua 280, gawanya: hatua yako ni sentimeta 71. Iandike kwenye mipangilio ya saa. Vijana, wasaidieni wazee wasioona vizuri maandishi ya kioo. Walimu, waacheni watoto wafanye hesabu hiyo, wataipenda. Wa mlimani wakumbuke kwamba hatua hufupika kwenye mwinuko, hivyo namba ya uwanjani isiwadanganye huko juu.

Napendekeza Jumamosi asubuhi, kabla ya zamu za maji kuanza. Kamba ninayo, ila kamba huvutika. Fundi mwenye futi kamba, hata ya mita 30, tafadhali aje nayo.