Kodi ya Nyumba Sindo na Kalenda ya Omena

Ukiuliza bei ya ploti mjini Sindo, kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, broka hakosi la kukuambia: ofisi za serikali zipo, hospitali ipo, watu wanatafuta vyumba, na bei inapanda tu. Mengi ya hayo ni kweli. Tangu ugatuzi uanze 2013, miji midogo ya kaunti imepata maofisa, wauguzi na wakandarasi wanaohitaji pa kulala.

Tuseme basi mtu amejenga vyumba kumi kwa shilingi milioni 3.6, kila kimoja akikipangisha kwa 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anatarajia 360,000, yaani asilimia 10. Hesabu hiyo ndiyo anayokwenda nayo benki kukopa.

Lakini pesa nyingi za Sindo hutoka ziwani. Omena, samaki wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti tena na mashua hukaa nchi kavu. Halafu huja miezi ya Aprili hadi Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena ili wazaane. Kijana anayevuta nyavu, mama anayeanika omena ufuoni, mwenye kibanda anayewauzia chai: wote hukaukiwa kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba akiwafukuza, vyumba vinabaki vitupu. Akiwavumilia, daftari linajaa madeni.

Toa kodi ya miezi miwili tu isiyolipwa: zinabaki 300,000. Kodi ya serikali kwa mapato ya pango, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, inachukua 22,500. Maji, ukarabati na mlinzi tuwape 60,000. Mkononi ni 217,500, asilimia 6 tu, na riba ya benki bado haijaguswa. Februari 2024, hatifungani ya miundombinu ya serikali ilitoa zaidi ya asilimia 18 bila kutozwa kodi. Riba hizo zimeshuka tangu hapo, ila pengo lilikuwa kubwa mno kupuuzwa.

Watetezi wa ploti husema faida iko kwenye kupanda kwa bei ya ardhi. Huenda, ila matarajio hayatimii kila mara. Reli ya kisasa nayo ilitarajiwa Kisumu, ikafika Naivasha 2019 na kukwama hapo kwa miaka. Na Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita rekodi ya 1964, likameza nyumba na mashamba ya ufuoni, hatimiliki zikiwa bado kabatini.

Anayejenga vyumba vinne karibu na hospitali, kwa wauguzi na walimu wenye mshahara, ana sababu nzuri ya kutarajia zaidi. Anayetaka kukopa ajenge kumi ufuoni amwombe kwanza mwenye nyumba jirani amwonyeshe daftari lake, aone ni wapangaji wangapi walilipa mwezi wa Mei.