Asiadhibiwe Nahodha Peke Yake



Kila mara redio inapotangaza kwamba boti imezama, iwe Ziwa Kivu, iwe mto Kongo, watu huuliza swali moja kabla maiti hazijatolewa majini: ni nani aliyewaua? Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu anayeliuliza. Tunalolipinga katika ukurasa huu ni majibu matatu ambayo yamekuwa mazoea kwetu, katika familia, sokoni, na hata katika mashirika yetu ya parokia. Jibu la kwanza linamsingizia Mungu au mchawi. La pili linamtwika nahodha mzigo wote. La tatu linasema kwamba sote tumekosa, kwa hiyo asiulizwe mtu. Majibu hayo yanaonekana kupingana, lakini matunda yao ni mamoja: boti inayofuata hujazwa kama ile iliyozama.

Tuanze na la kwanza. Mtu akifa maji, hatukosi mzee wa kusema kwamba siku yake ilikuwa imefika, wala hatukosi jirani wa kunong'ona kwamba kuna aliyemfunga mtoni. Bwana wetu aliulizwa jambo kama hilo. Katika Injili ya Luka anawakumbusha wasikilizaji wake habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Basi aliyezama hakuzama kwa sababu ya dhambi zake, wala kwa sababu ya jicho la shangazi yake. Boti iliyoundwa kubeba watu themanini, ikipakiwa mia mbili na magunia yao, hupinduka kwa sababu uzito wa juu unaishinda nguvu ya maji ya kuiinua. Mungu hakuwapandisha watu wale. Aliyewapandisha ana jina, na alipokea nauli. Kumtaja Mungu hapo si uchaji. Ni kumpa aliyepokea nauli mahali pa kujificha.

Jibu la pili ndilo linalopendwa zaidi, hasa na wenye mamlaka. Nahodha akamatwe! Tazameni yaliyotokea Senegal. Tarehe 26 Septemba 2002 meli Le Joola ilipinduka baharini na kuua watu zaidi ya 1,800, ingawa haikuundwa kubeba hata 600. Meli hiyo ilikuwa ya serikali, ikiendeshwa na wanajeshi. Mawaziri waliacha kazi, na waziri mkuu akaondolewa. Lakini mwaka 2003 sheria ilipotakiwa kusema, ilisema kwamba wa kulaumiwa ni nahodha, na kwa kuwa nahodha amekufa, faili likafungwa. Marehemu hawezi kuulizwa ni nani aliyemwamuru kuondoka na umati ule, wala ni nani aliyeiruhusu meli ile kusafiri.

Karibu nasi, Aprili 2025, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, na watu zaidi ya 140 wakapoteza maisha. Habari iliyoenea haraka ilikuwa kwamba mwanamke mmoja alikuwa akiwasha moto wa kupikia. Mara moja midomo ya watu ikapata mkosaji: mama mwenye jiko. Sisi tunauliza: safari inayochukua siku nyingi, abiria wale nini? Ni nani aliyeweka mafuta ya injini karibu na watu wanaopika, katika chombo cha mbao? Ni nani aliyekitazama chombo hicho bandarini akakiacha kiende? Mama yule aliwasha moto mbele ya macho ya watu waliokuwa na kazi ya kumkataza.

Sheria ya Musa inatufundisha kupima jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, ng'ombe akimpiga mtu pembe hata afe, mwenye ng'ombe hana hatia ikiwa mnyama hakuwa na tabia hiyo. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa mkali tangu zamani, na mwenyewe akaonywa, asimfunge, basi damu ni juu ya mwenye ng'ombe. Kwa hiyo maswali ni mawili: nani alijua? Na nani, kati ya waliojua, alikuwa na uwezo wa kuzuia?

Pimeni kwa kipimo hicho ajali ya MV Nyerere huko Tanzania. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko, kivuko hicho kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikapinduka mita chache kabla ya gati. Kilikuwa na idhini ya kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli alitangaza kwamba nahodha hakuwamo chomboni na kwamba usukani aliachiwa mtu asiyefunzwa kazi hiyo, akaagiza wahusika wote wakamatwe. Hapo wengi wetu tungeridhika. Lakini malalamiko juu ya hali ya kivuko kile yalikuwa yamesikika kabla, hata bungeni. Ng'ombe alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alionywa. Ndiyo maana tunaona kwamba ilikuwa haki lawama kupanda juu ya usukani, hata mkuu wa wakala wa serikali uliosimamia vivuko akaondolewa kazini.

Msitusikie vibaya. Hatusemi kwamba nahodha ni kondoo asiye na doa. Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, meli Sewol ilizama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa matembezini. Wanafunzi waliambiwa wakae walipo, naye nahodha akaiacha meli akaokoka. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha, na hatuoni kosa katika hukumu hiyo. Lakini mahakama haikuishia kwake. Mkuu wa kampuni iliyoijaza meli mizigo kupita kiasi alifungwa. Ofisa wa boti ya ulinzi iliyofika kwanza, asiwaokoe watu ipasavyo, naye alifungwa. Wakuu wake wa juu walishtakiwa pia, wakaachiliwa baada ya kusikilizwa. Hivyo ndivyo haki inavyotembea: kila mmoja anaulizwa kwa kadiri ya alichokijua na alichoweza kukifanya, na yule ambaye hatia yake haikuthibitika anaachiliwa.

Jibu la tatu lina sura ya unyenyekevu, nasi watu wa Kanisa ndio tunaolipenda. "Sote tuna makosa, ndugu." Ni kweli kwamba abiria naye ana sehemu yake. Sisi wenyewe tumepanda mitumbwi iliyojaa, maji yakiwa vidole vitatu chini ya ukingo, kwa sababu tulitaka kuwahi, tukanyamaza. Kila Misa tunaungama pia yale tuliyoacha kuyatenda, na ukimya ule ni mojawapo. Lakini Kanisa linafundisha vilevile kwamba kushiriki katika dhambi ya mwingine kuna namna na ngazi: kuamuru, kushauri, kusifu, kuficha, na kutozuia pale mtu anapowajibika kuzuia. Anayesema kwamba wote wana hatia sawa anazifuta ngazi hizo, na anayepata faida ni yule aliyesimama kwenye ngazi ya juu.

Tazameni MV Merdi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti hiyo ilitoka Minova, ikazama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Kwa nini watu wa Minova walijazana ziwani? Kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwenda Goma. Mama mwenye vikapu vya ndizi hakuchagua kati ya boti nzuri na mbaya. Alichagua kati ya boti hiyo na njaa. Kumwambia mama huyo kwamba ana hatia sawa na aliyekata tiketi ni ukatili. Tena hakuna awezaye kusema kwamba hatari haikujulikana. Aprili 2019, baada ya boti nyingine kuzama ziwa hilohilo upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 kupotea, Rais Tshisekedi alifika akaagiza kwamba kila abiria avae jaketi la kuokolea. Agizo lilitoka, miaka mitano ikapita, na maiti zikatolewa tena majini. Anayestahili kuulizwa kwanza ni yule aliyepewa kazi ya kulitimiza agizo hilo kila asubuhi bandarini.

Sasa tuseme juu ya adhabu, maana hapo vijana hukasirika. Sheria ya jinai ya nchi yetu, katika vifungu vya 52 na 53, inamhesabu kuwa na hatia mtu aliyesababisha kifo kwa kukosa uangalifu bila kukusudia, na adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili pamoja na faini. Wengine husema ni kidogo mno kwa maiti mia, wakataka mkosaji anyongwe, au achomwe bandarini kabla polisi hawajafika. Tangu serikali ilipoondoa, Machi 2024, zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililodumu tangu 2003, sauti hizo zimepata nguvu. Sisi tunazikataa. Kanisa, tangu Papa Fransisko aliporekebisha Katekisimu mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Na hata asiyelisikiliza Kanisa, afikiri: umati ukimuua msukani, umemuua shahidi. Yeye ndiye anayejua ni nani aliyempa amri, ni nani aliyepokea bahasha, ni mara ngapi alisema kwamba injini ni mbovu. Mwenye boti hatamlilia. Huenda akawashukuru.

Adhabu inayofaa ni ile inayomkuta kila mmoja mahali pake. Mwenye boti aliyevuna nauli alipe fidia kwa yatima, na asimiliki chombo tena. Mkaguzi aliyetia sahihi bila kukagua ahukumiwe na kuondolewa kazini. Kiongozi wa juu, hata kama hana jinai, awajibike kwa cheo chake. Julai 2012, baada ya MV Skagit kuzama karibu na Zanzibar, waziri Hamad Masoud Hamad alijiuzulu. Kujiuzulu si kukiri uuaji. Ni kukubali kwamba cheo kina mzigo pamoja na heshima.

Lakini hakuna haki pasipo hesabu, na hesabu ndiyo inayotushinda. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, maskini, hawakuandikwa. Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, miili 203 ilipatikana, na baadaye tume ikaeleza kwamba ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,400, katika meli yenye idhini ya watu wapatao 600. Kwa MV Merdi, gavana wa Kivu ya Kusini alitaja siku ile watu 278 waliopanda na 78 waliokufa, kisha hesabu zikaanza kupishana. Mtu asiyeandikwa hawezi hata kushtakiwa kifo chake, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alikuwamo.

Sisi tuliofundishwa ualimu tulianza kwa jambo moja dogo: kuita majina asubuhi na kuyaandika katika daftari. Mwalimu akiwatoa watoto matembezini bila daftari, hata kama wote watarudi salama, amekwisha kukosa. Yafaa tuseme hivyo hivyo juu ya mwenye boti. Kosa lake linaanza anapoondoka bila majina na kwa kupita kiasi, hata siku isiyozama. Tukingoja maiti ndipo tutafute mkosaji, tumewafundisha wenye boti kwamba dhambi ni kuzama, na kwamba kujaza kupita kiasi ni biashara tu.

Kwa hiyo, vijana wa Kasongo mnaoshuka Lualaba kwenda Kibombo, na ninyi wa Kabambare mnaovuka Luama, tunawaomba jambo lililo ndani ya uwezo wenu. Kila kikundi kiteue wawili siku ya soko, wasimame kivukoni wakiwa na daftari, kwa idhini ya mkuu wa mahali na kwa heshima. Waandike majina ya abiria, hesabu yao na saa ya kuondoka. Nakala moja ibaki nchi kavu. Wasimpige mtu, wasimtukane msukani, ambaye mara nyingi ni kaka yenu anayetafuta chakula. Chombo kikijaa, waseme kwa sauti kwamba kimejaa, na kama wao ni miongoni mwa abiria, wawe wa kwanza kushuka.

Mtachekwa. Mtaambiwa kwamba mnazuia riziki za watu. Jibuni kwamba riziki hiyo imekwisha kuwazika wengi, na kwamba siku hakimu atakapouliza nani alijua, hamtaki kuwa kati ya wale waliojua wakanyamaza.