Mtaka cha Mvunguni Huinama



Juzi bwenini kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alikuwa ametazama filamu ya watu waliopanda farasi kutwa nzima kwenda kuona mwamba mmoja mashuhuri. Akasema, "Hao ndio wanaojua kutembea. Sisi hapa tuna nini? Farasi hatuna, na mahali pa kwenda hatuna!" Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana mwaka jana nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Mimi ni mzaliwa wa Remba. Anayekijua kisiwa chetu anajua kuwa ni mawe matupu ziwani, nyumba za mabati zimebanana, na riziki yetu ni mbuta na omena. Safari ya Mombasa ilipotangazwa, baba aliniambia, "Mwanangu, samaki wamekuwa haba. Chagua, karo au Mombasa." Nikachagua karo. Basi lilipoondoka, nilibaki na wenzangu 11, nikijifanya nafua soksi ili nisionekane machozi.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa chama alituuliza, "Thimlich Ohinga mmewahi kufika?" Jamani, hakuna hata mmoja! Nasi twaishi Homa Bay na Migori!

Basi siku ya siku ilipofika, tulidamka alfajiri. Farasi hatukuwa nao, lakini tulipanda matatu, kisha bodaboda, kisha miguu yetu wenyewe. Vumbi lilikuwa si mchezo. Njiani tulipishana na punda waliobeba mitungi ya maji.

Thimlich Ohinga iko kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kwa Kijaluo jina hilo lina maana ya ngome katika msitu wa kutisha. Ni kuta za mawe zilizojengwa yapata karne ya 16, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Hakuna saruji wala udongo wa kuyashika mawe. Makubwa na madogo yamefungamana tu, na hadi leo yamesimama. Walioishi humo walijikinga wao na mifugo yao.

Mzee aliyetuongoza alitusimamisha mlangoni. Mlango wenyewe ni mfupi na mwembamba. Nilimwuliza kwa nini. Akacheka, "Nyathina, adui akiinama ili aingie, kichwa chake kinatangulia. Hata angekuja na farasi, angeshuka." Nikainama, nikaingia. Kweli wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Najua wapo watakaosema naipinga Mombasa kwa kuwa nilikosa nauli. Sivyo. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011, nayo yastahili kuonwa. Lakini Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka wa 2018. Ngome ya Mombasa ilijengwa kwa amri ya Wareno, waliotoka mbali. Hii yetu ilijengwa na wenyeji, kwa mawe ya papo hapo. Iweje basi moja tuilipie maelfu ya shilingi, na nyingine tusiijue hata njia?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kila mwanafunzi mpya apelekwe Thimlich Ohinga kabla ya safari yoyote ya mbali. Gharama yake ni ndogo, na hakuna atakayebaki nyuma kwa sababu mzazi wake ni mvuvi. Pili, tukifika tusikwaruze majina yetu wala kupanda juu ya kuta. Ukuta usio na saruji, jiwe moja likitoka, jirani yake hulegea. Tatu, tukirudi tuandike tulichosikia kwa wazee, tukichape humu humu gazetini.

Na wewe mwenzangu wa bwenini, farasi usimngoje. Mwaka huu chama kikipanga safari, jiandikishe. Nitakuonyesha mlango wenyewe, ila chunga kichwa!