Mzima ana haki ya kuuliza
Mgonjwa mahututi hukubali dawa ya majaribio kwa kuwa hana pa kukimbilia. Mzee mzima anayepanda mlimani kila asubuhi kulima maharagwe yake ana kila sababu ya kuuliza kwanza kabla ya kuchanjwa. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, chanjo ya rVSV-ZEBOV ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015 na kuonyesha nguvu yake, lakini Ulaya haikuipa kibali hadi Novemba 2019. Hivyo watu wa Beni na Butembo, wasioumwa popote, walichanjwa kwa masharti ya utafiti: kusomewa karatasi ya ridhaa, kutia sahihi, kudungwa sindano begani, kisha nusu saa ya kukaa na kutazamwa. Waliochanjwa walipita 300,000, na naamini chanjo hiyo iliokoa wengi. Ila aliyeuliza maswali aliitwa mkaidi, au mtu wa uvumi. Desemba ya mwaka huohuo wa 2018 kura yetu sisi wa Beni na Butembo iliahirishwa hadi Machi, eti kwa sababu ya Ebola, huku masoko na makanisa yakijaa watu. Rais aliapishwa Januari bila sisi. Nani asingeshuku sindano iliyoletwa chini ya ulinzi wa bunduki? Basi watafiti watakaokuja na kinga nyingine kwa wazee wetu, waisome ile karatasi kwa Kinande na Kiswahili, tena kwa sauti, wajibu maswali hadi yaishe, ndipo wafungue sanduku la baridi.