Tatizo Si Lugha ya Wahandisi

Katika makampuni mengi imeshakuwa kama imani kwamba maarifa ya wahandisi hayawafikii watu wa biashara kwa sababu wahandisi hawajui kueleza. Basi hupelekwa semina za mawasiliano na kuagizwa waandike ripoti fupi zisizo na istilahi. Imani hii ni potofu, tena ina madhara: inambebesha lawama anayejua na kumwacha huru anayeamua.

Tuutazame usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyounda roketi za kusukuma chombo cha angani cha Challenger, waliwaeleza kwa simu maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa kwenye baridi, hivyo chombo kisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi. NASA ikapinga. Viongozi wa kampuni wakajitenga kushauriana, na mmoja wao akamtaka mkuu wa uhandisi aweke uhandisi kando, afikiri kama meneja. Pendekezo likageuzwa. Kesho yake Challenger ikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote saba waliokuwamo wakafa. Mhandisi Roger Boisjoly wa Thiokol alikuwa ameonya kwa maandishi tangu Julai 1985 kwamba pete hizo zingeweza kuua.

Edward Tufte, bingwa wa kuwasilisha takwimu, amehoji kwamba chati za wahandisi hao zilikuwa dhaifu. Ni kweli zilikuwa na kasoro. Lakini neno "msirushe" lilieleweka barabara, ndiyo maana likapingwa kwa nguvu. Tena wakubwa wa NASA walioidhinisha safari hawakuambiwa kabisa kwamba kulikuwa na ubishi. Chati nzuri ingewasaidia nini?

Linganisha na M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya mkononi. Jaribio lake la 2005 nchini Kenya lilikusudiwa kurejesha mikopo midogo, wateja wakalitumia kutumiana pesa. Hawakuandika ripoti wala kuchora chati. Walioliona jambo hilo walikuwa na mamlaka ya kubadili huduma, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa.

Itasemwa kwamba kumpa mhandisi kura ya turufu kutakwamisha biashara. Sidai kura hiyo. Meneja na abaki na haki ya kukataa ushauri, ila aandike sababu, atie sahihi, na karatasi hiyo imfikie mwenye uamuzi wa mwisho pamoja na ushauri uliokataliwa.