Amri Moja Haitatui Kila Tatizo

Askari hufunzwa kutii amri upesi, na ofisa hufunzwa kuitoa bila kusitasita. Pasipo nidhamu hiyo hakuna jeshi wala polisi. Hata hivyo, kila mwenye dhamana ya kuongoza wenzake hana budi kujiuliza kwanza: tatizo lililo mbele yangu ni la namna gani?

Lipo tatizo rahisi, ambalo dawa yake yajulikana na wote. Lipo gumu, ambalo dawa yake yajulikana na mafundi wake tu. Tena lipo tatizo tata, ambalo dawa yake haijulikani na yeyote mpaka watu wajaribu, watazame, kisha wajirekebishe.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika mapambano dhidi ya Ebola huko Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ambapo watu zaidi ya 2,200 walipoteza maisha.

Kunawa mikono na kupima joto la mwili mpakani yalikuwa mambo rahisi. Hapo amri moja isiyolegezwa yatosha. Agosti 2019 mtoto mgonjwa aliyetoka Kongo alitambuliwa kwenye ukaguzi palepale Mpondwe, wilayani Kasese.

Chanjo ilikuwa jambo gumu. Ilipasa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na kutolewa kwanza kwa waliokutana na mgonjwa, kisha kwa waliokutana na hao. Katika jambo kama hilo cheo hakisaidii. Kamanda humsikiliza mtaalamu, maana kuuliza si ujinga.

Lakini imani ya wananchi ilikuwa jambo tata. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wameteswa na mauaji ya miaka mingi. Desemba 2018 uchaguzi wao ukaahirishwa, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na wengi wakashuku kwamba ugonjwa wenyewe ni hila. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Machi mwaka huo Daktari Joanne Liu, aliyekuwa akiongoza shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, alionya kwamba kuwatumia polisi na jeshi kuwashurutisha watu kungewafanya wagonjwa wajifiche.

Hatusemi kwamba walinzi hawakuhitajika. Wauguzi walikuwa wakiuawa. Tunalosema ni kwamba bunduki yaweza kumlinda muuguzi njiani, lakini haiwezi kumshawishi mama amtoe mwanawe mgonjwa ndani. Yaliyosaidia ni mambo madogo madogo yaliyojaribiwa na kuongezwa yalipofaa: jamaa kumwona mgonjwa wao kupitia chumba chenye kuta angavu, familia kushuhudia maziko, wazee na vijana wa mtaa kueleza habari kwa lugha yao.

Basi tunawahimiza maofisa na askari wetu: penye jambo rahisi, simamieni kanuni, penye gumu, waiteni wajuzi, penye tata, anzeni kwa kusikiliza, na msione haya kubadili mpango. Anayetumia amri ya gwaride mahali panapotaka masikio atatiiwa mchana na kukimbiwa usiku. Kwa askari aliyekabidhiwa usalama wa raia, huko ni kushindwa.